MZEE AAGA MISHAMO

Ndugu msomaji, umewahi kuhama? Kuhama kijiji ni kazi. Kuhama nchi uliyoishi miaka 36 ni kazi kubwa zaidi. Leo nataka twende pamoja Mishamo, ukaone jinsi mzee mmoja alivyojiandaa kurudi kwao Burundi mwaka 2008. Wakati huo nilikuwa bwana shamba kijana, ndiyo kwanza nimetoka chuoni. Nilikwenda kwake kumfundisha kilimo, lakini nami nilifundishwa.

MISHAMO NI WAPI?

Mishamo iko magharibi ya Tanzania. Leo iko katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Mwaka 2008 ilikuwa Wilaya ya Mpanda, Mkoa wa Rukwa. Ukienda huko unapita msitu mrefu wa miombo. Zamani palikuwa makao ya mbung'o, nyuki na wanyama.

Mwaka 1972 kulitokea mauaji makubwa nchini Burundi. Watu wengi walikimbia wakavuka mpaka. Tanzania iliwapa ardhi Ulyankulu, mkoani Tabora, na Katumba, karibu na mji wa Mpanda. Baadaye watu wakawa wengi mno Ulyankulu. Ndipo mwaka 1978 yakafunguliwa makazi ya tatu, Mishamo. Vilianzishwa vijiji 16, na kila kaya ilipewa shamba.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni hawa walilishika jembe kweli kweli. Walifyeka msitu, wakajenga nyumba, wakachimba visima. Walilima mahindi, maharagwe, mihogo na tumbaku. Baada ya miaka michache walijilisha wenyewe, na ziada wakaiuza.

KUBAKI AU KURUDI

Vita vya Burundi vilipotulia, mwaka 2007 watu wa makazi hayo matatu waliulizwa: mnataka kurudi kwenu, au mnataka kuwa raia wa Tanzania? Walioulizwa walikuwa zaidi ya 200,000. Kama mtu mmoja katika kila watu watano alichagua kurudi. Wengine waliomba uraia. Mwaka 2010 zaidi ya watu 160,000 walikubaliwa, na mwaka 2014 walianza kupewa vyeti vya uraia.

Usidhani uchaguzi huo ulikuwa mwepesi. Nyumba nyingi ziligawanyika. Mzee ninayekusimulia alitaka kurudi, na mkewe pia. Lakini kijana wao mkubwa alisema, "Baba, Burundi naijua kwa kusimuliwa tu. Mimi nimezaliwa hapa. Mke wangu yuko hapa, na shamba langu liko hapa." Mzee alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu alimwita kijana, akamkabidhi ufunguo wa ghala. Akasema, "Kaa. Lakini kaburi la dada yako ulifagie." Binti huyo alifariki akiwa mdogo, mwaka wa pili baada ya kufika Mishamo.

ALITAZAMA MSIMU KWANZA

Mzee hakukurupuka. Alitazama mvua. Huku kwetu mvua hunyesha msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Kule Burundi mvua huanza Septemba, na wakulima hupanda mara mbili kwa mwaka. Akapiga hesabu. Akiondoka Agosti, atakuwa ameshauza tumbaku, na atawahi kupanda maharagwe kule.

Jambo la pili ni mkopo. Wewe mkulima wa tumbaku unajua: mbolea huchukuliwa kwa mkopo kupitia chama cha msingi, na deni hukatwa wakati wa mauzo. Mzee alihakikisha deni limekatwa lote. Baada ya hapo hakuotesha kitalu kipya. Bani lake la kukaushia tumbaku alimwachia kijana wake.

DAFTARI LA MZEE

Mzee huyu alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, katika darasa la kisomo hapo hapo Mishamo. Alikuwa na daftari moja la kurasa 32. Ukurasa wa kushoto aliandika watu wanaomdai. Ukurasa wa kulia aliandika anaowadai yeye. Kila jioni alipitia majina. Aliyelipa alimpigia mstari. Wapo waliomdai debe la mahindi tangu mwaka wa njaa, na wenyewe wamesahau. Yeye hakusahau. Alipeleka debe.

Nyuma ya daftari aliandika mali atakayouza: mabati, mbuzi wanne, mlango, vitanda viwili na baiskeli. Kila kitu aliandika bei yake.

Hapa ndipo penye aibu yangu. Wakati ule watu wengi walikuwa wanauza kwa pamoja, na bei zilianguka. Wanunuzi walijua kuwa muuzaji hana muda. Siku ya lori ikikaribia, bati la shilingi elfu nane liliuzwa elfu tatu. Mimi nilihitaji baiskeli ya kuzungukia vijiji. Mzee aliandika shilingi 40,000. Nikamwambia ninazo 20,000 tu. Haikuwa kweli. Nilikuwa nimepokea mshahara wiki ile. Mzee akanitazama, akasema, "Chukua, Bwana Shamba. Una kazi nyingi." Nikaondoka nayo.

MIHOGO ILIYOBAKI

Siku chache baadaye nilimkuta amefunga mzigo wa mashina ya mihogo. Alikuwa na aina yake nzuri, tamu, isiyooza upesi ardhini. Alitaka kwenda nayo. Ikanibidi nimkataze.

Sikiliza sababu, maana inakuhusu wewe pia. Mihogo ina magonjwa mawili mabaya. Moja ni batobato, ambalo hukunja majani na kuyatia mabaka ya njano. La pili ni michirizi kahawia, ambalo huozesha muhogo ndani ya udongo huku majani yakiwa bado ya kijani. Magonjwa haya huenezwa na inzi weupe. Lakini pia husafiri ndani ya shina. Mkulima akibeba mashina yenye ugonjwa, anaupeleka ugonjwa hadi kijiji kingine au nchi nyingine. Shina linaweza kuonekana zima, kumbe lina ugonjwa. Kwa hiyo usivuke mpaka na mashina wala mbegu bila wataalamu kuzikagua na kukupa cheti.

Mzee alielewa. Aliufungua mzigo polepole, akampa kijana wake apande palepale. Kisha akachukua jembe lake. Akalitoa mpini, akalifunga lile chuma katika shuka. "Hili halina ugonjwa," akasema.

LUGHA NA ARDHI

Wajukuu wawili walikuwa wanakwenda naye. Walisoma kwa Kiswahili. Kule Burundi shule hutumia Kirundi na Kifaransa. Bibi yao alianza kuwafundisha kuandika Kirundi miezi mitatu kabla ya safari. Mzee naye alikwenda kwa mwalimu mkuu kuomba karatasi zao za shule, akazitia katika mfuko wa nailoni zisilowe.

Lakini jambo lililomnyima usingizi ni ardhi. Shamba la baba yake lilikuwa kusini mwa Burundi, karibu na Ziwa Tanganyika, mahali penye michikichi. Miaka 36 ni mingi. Nani analilima sasa? Alisikia kwamba mwaka 2006 serikali ya Burundi iliunda tume ya kusuluhisha mashauri ya ardhi. Basi katika daftari lake akaandika majina ya majirani wa zamani, jina la kijito na jina la kilima. Aliandika ili apate mashahidi.

SIKU YA KUONDOKA

Usiku wa kuamkia safari sikulala vizuri. Alfajiri nilipanda ile baiskeli hadi kwa mzee. Malori yalikuwa tayari. Wanawake walikuwa wanalia na kuimba kwa pamoja. Mzee alikuwa ameketi juu ya gunia, daftari mkononi. Nikampa shilingi 20,000 nilizopunja. Nikamwambia, "Mzee wangu, nilikudanganya. Nisamehe."

Hakusema neno. Alifungua daftari ukurasa wa kulia. Jina langu lilikuwepo. "Bwana Shamba, baiskeli, 20,000." Alikuwa ameniandika tangu siku ile, pamoja na wadaiwa wengine. Akatoa kalamu, akapiga mstari. Ndipo akanipa mkono.

Lori likaondoka kuelekea Kigoma, na kutoka huko hadi mpakani. Kijana wake alisimama barabarani mpaka vumbi likatulia.

Mwaka uliofuata kijana aliniletea habari. Mzee alikuta familia nyingine shambani, nayo imekaa hapo miaka mingi. Ilibidi wasuluhishwe. Waligawana nusu kwa nusu, na sehemu aliyopata haikufika hata nusu hekta. Ni ndogo sana ukilinganisha na shamba la Mishamo. Lakini majina ya daftarini yalimsaidia. Jirani mmoja wa zamani alikuwa hai, akamshuhudia. Na maharagwe aliwahi kuyapanda.

TUJIFUNZE NINI?

Ndugu msomaji, huenda wewe hutahama nchi. Lakini unaweza kuhama kijiji, au jirani yako akahama. Kumbuka haya:

1. Panga safari kwa kufuata msimu. Ondoka baada ya mavuno, fika kabla ya mvua.

2. Lipa madeni, dai haki yako, na andika yote. Kisomo ulichopata ndiyo silaha yako.

3. Anza kuuza mali mapema. Anayeuza siku ya mwisho hana bei.

4. Usisafirishe mashina wala mbegu zisizokaguliwa.

5. Tunza karatasi za shule na za ardhi mahali pakavu.

6. Na wewe unayebaki, usimpunje anayeondoka. Shida ya jirani si soko.

Baiskeli ile ninayo hadi leo. Imebadilishwa minyororo na magurudumu mara nyingi. Kila nikiipanda namkumbuka mzee na kalamu yake.

MASWALI

1. Kwa nini mzee alichagua kuondoka mwezi wa Agosti?

2. Magonjwa gani mawili ya mihogo husafiri ndani ya shina?

3. Daftari lilimsaidia mzee kwa mambo gani?

4. Je, wewe unalo daftari la madeni? Kama huna, anza leo.