Mbaazi Zetu, Mapishi ya Jirani

Akina mama wenzetu, nyumba nyingi za kwetu zinapika vyakula vya Kihindi bila hata kuviita vya Kihindi. Chapati, sambusa, bajia na biriani vimekaa nasi muda mrefu mno, hata mtoto ukimwambia vilitoka ng'ambo ya bahari atakucheka. Lakini hivyo kwetu ni vyakula vya wageni na vya sikukuu. Kile ambacho mama wa Kihindi huwapakulia wanawe Jumanne ya kawaida, wengi wetu hatujapata kukionja, ingawa tunakaa nao mtaa mmoja.

Sisi ni wanawake watano hapa Dar es Salaam, na tuna majirani wawili ambao wazee wao walitoka Gujarat. Wao walikubali kutuandikia mapishi ya nyumbani kwao katika daftari moja, nasi tukawa tunalipitisha mlango kwa mlango, kila mmoja akipika na kuandika pembeni nyumba yake ilivyopokea.

Hatukusukumwa na hamu ya mapochopocho. Mume wa mwenzetu mmoja alipatikana na shinikizo la damu, akaambiwa apunguze chumvi, mafuta na nyama nyekundu. Mama wa watu akachemsha maharage, akachemsha mchicha. Baba hakugomba hata siku moja, ila sahani ilikuwa ikirudi nusu, na jioni ana harufu ya chipsi za barabarani. Kila aliyeolewa anajua uzito wa sahani inayorudi nusu. Wengine wetu tulikuwa na shida ya namna nyingine: nyama inanunuliwa mara moja kwa wiki, na watoto wamekwisha kuona siku zisizo na nyama kuwa ni adhabu.

Jambo la kwanza lililotushangaza ni kwamba dali yao ya kila siku ni mbaazi. Ni mbaazi hizi hizi za Lindi, Mtwara na Manyara, zikiwa zimekobolewa na kupasuliwa. India ndiyo inayokula mbaazi kuliko nchi yoyote, na wakulima wetu huziuza huko. Mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi za kuingia nchini mwake, bei huku kwetu ilianguka vibaya, na wenye ndugu kusini mnakumbuka magunia yalivyobaki ndani. Watu wa pwani wanazijua mbaazi za nazi, tena na mahamri asubuhi hazina mfano. Lakini sisi wengine tulikuwa tukizipita sokoni tu.

Basi dali ya jirani inapikwa hivi. Osha kikombe kimoja cha mbaazi zilizokobolewa, ziloweke nusu saa, kisha chemsha kwa vikombe vinne vya maji na nusu kijiko cha chai cha manjano mpaka zivurugike zenyewe. Piga kwa mwiko au kwa upawa wenye matundu. Tia nyanya iliyokatwa, tangawizi, pilipili mbichi, maji ya ukwaju kidogo na kipande cha sukari guru kama ncha ya kidole gumba. Ndiyo, sukari, Wagujarati hupenda dali yao iwe na uchachu na utamu pamoja. Iache itokote taratibu.

Kuunga ndiko kunakoleta tofauti. Sisi huunga mwanzoni: kitunguu, nyanya, halafu maharage. Wao huunga mwishoni. Kijiko kimoja cha mafuta kinapashwa moto katika kikaango kidogo, zinatiwa mbegu za haradali (shika mfuniko, kwani zinaruka), zikishatulia unatia bizari nyembamba na punje ya mvuje isiyozidi kichwa cha njiti ya kiberiti. Dakika haifiki, mafuta yote yanamiminwa juu ya dali, na sufuria inafunikwa hapo hapo. Harufu itawaita watoto kutoka uani.

Mvuje uliwachekesha baadhi yetu, maana bibi zetu waliutumia kuwafukiza watoto na kuwafunga mkononi. Jirani alituambia kwamba kwao unatiwa ili nafaka za jamii ya kunde zisijaze tumbo gesi. Unanuka vibaya ukiwa mbichi; ukikutana na mafuta ya moto unageuka kabisa.

Katika majiko yao hatukuona pakiti ya bizari ya mchuzi. Kila mmoja ana kopo la bati la duara lenye vibakuli vidogo ndani: haradali, bizari nyembamba, manjano, giligilani ya unga, pilipili. Kila chakula kina mchanganyiko wake. Unga wa kari wa pakiti ulienezwa na Waingereza, waliotaka ladha ya India bila kazi ya kuchambua viungo. Maoni yetu ni kwamba pakiti hiyo ndiyo inayofanya michuzi yetu yote ifanane.

Mapishi haya kwa kawaida mama humfundisha binti jikoni. Lakini hata kuandikiana si jambo geni: Madhur Jaffrey, ambaye kitabu chake cha kwanza cha mapishi kilitoka mwaka 1973, alijifunza kupika kwa barua za mama yake alipokuwa mwanafunzi London.

Si yote yaliyopokelewa. Mchuzi wa mtindi na unga wa dengu ulikataliwa na watoto katika nyumba nne kati ya tano, na sisi wenyewe hatukuwalaumu sana. Chapati zao nyembamba, zinazovimba juu ya moto bila tone la mafuta, akina baba walisema ni za wagonjwa. Bamia zilipendwa: zioshe, zifute zikauke kabisa kabla ya kuzikata, kisha zikaange bila kutia maji, na hazitatoa ute.

Na yule mume? Hatusemi dali ni dawa. Vidonge vyake anaendelea kumeza na kliniki anakwenda. Ila mkewe alipunguza chumvi kwa nusu, uchachu wa ukwaju ukajaza pengo, na sahani ikaanza kurudi tupu. Jumamosi bado anadai nyama yake, naye anampa kipande kidogo.

Sasa daftari limefika kwenye bilinganya ya kuchoma. Inachomwa nzima mpaka ganda liungue, inamenywa, inapondwa na kuungwa kwa kitunguu, nyanya na giligilani mbichi. Wenye jiko la mkaa msisumbuke kutafuta gesi, kwa kuwa moshi ndio unaotafutwa.