Jina na Thamani Yake

Mtu aliyezaliwa Mpanda mwaka 1970 alizaliwa katika Mkoa wa Tabora. Mwaka 1974, Mkoa wa Rukwa ulipoundwa, alijikuta mkazi wa Rukwa. Na mwaka 2012, Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa na Mpanda kufanywa makao makuu yake, akawa mtu wa Katavi. Amekaa mikoa mitatu pasipo kuhama nyumba. Kila alipoulizwa mkoa wake, swali lilikuwa lile lile, bali jibu lilikuwa jingine. Katika jambo hili mna somo ambalo kila aanzaye kujifunza lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript hulikuta mlangoni, nalo ni somo la vigeu.

Kigeu ni jina ambalo programu hulitumia kushika thamani fulani, ili thamani hiyo iweze kuitwa tena inapohitajiwa. Huandikwa hivi:

let mkoa = "Tabora";

Neno let hutangaza kwamba jina jipya limezaliwa. Mkoa ndilo jina lenyewe. Tabora ni thamani yake. Alama iliyo katikati huwapoteza wengi, kwa kuwa katika hesabu walifundishwa kuisoma kuwa ni usawa. Hapa ni amri: thamani iliyo kulia na iwekwe katika jina lililo kushoto. Kwa hiyo mstari ufuatao haupingani na ule wa kwanza:

mkoa = "Rukwa";

Neno let halirudiwi, maana jina halizaliwi mara mbili. Lakini Rukwa inapoingia, Tabora hutoka wala haiachi alama. Ukiiuliza programu mkoa wa jana, haina la kujibu.

Hapo ndipo hatari ilipo. Daftari la wazaliwa likitegemea jina hili moja, siku mkoa ubadilikapo wazaliwa wote wa zamani watahesabiwa kuwa wamezaliwa pengine. Mzee atasimama mbele ya karani na cheti chake cha kweli mkononi, na daftari litamkana. Atashukiwa yeye, hali kosa ni la aliyefunga mambo mawili katika jina moja: mkoa wa leo na mkoa wa kuzaliwa. La kwanza hubadilika. La pili halibadiliki kamwe.

JavaScript ilipotungwa na Brendan Eich mwaka 1995, katika kampuni ya Netscape, vigeu vilitangazwa kwa neno var, na lugha haikuwa na neno la kutenga kibadilikacho na kisichobadilika. Mwaka 2015 iliongezewa let kwa kibadilikacho, na const kwa kile kisichopewa thamani nyingine:

const mkoaWaKuzaliwa = mkoa;

Mstari huu ukisomwa na kompyuta wakati mkoa ungali Tabora, mkoaWaKuzaliwa hubaki na Tabora yake, hata mkoa ukiwa Rukwa na kisha Katavi. Atakayejaribu kuliwekea jina hilo thamani nyingine atakataliwa, na programu itatangaza kosa. Utaratibu wa mistari basi ni jambo kubwa: kinachohifadhiwa ni thamani iliyokuwapo saa ile.

Sheria za majina ni chache. Jina halianzi kwa tarakimu, halina nafasi katikati, na mkoa kwa herufi ndogo si sawa na Mkoa kwa herufi kubwa. Maneno kama let na const ni ya Kiingereza na hayana budi kuandikwa yalivyo. Lakini jina la kigeu ni mali ya mwandishi, na kompyuta haichagui lugha. Mwanafunzi wa Mpanda ana ruhusa ya kuandika nauli, mavuno, au beiYaMpunga, na programu yake isipungukiwe na kitu. Kinyume chake, aandikaye x kwa haraka leo hutumikia kulikumbuka kesho, na atakayeipokea kazi yake hurithi fumbo.

Kabla ya kuandika let au const, mtu hulazimika kujiuliza kama jambo lililo mbele yake litabadilika au litadumu. Kompyuta haiwezi kumjibu, maana hutii tu. Ajuaye jibu ni yule anayewafahamu watu ambao habari zao zitaandikwa, na anayekumbuka kwamba mkoa unaweza kupewa jina jipya, lakini mtu huzaliwa mara moja.