Nyimbo za Harusi Njiani Kwenda Witbank

Harusi yangu ilikuwa nzuri. Ukumbi ulipendeza na kamati ilihangaikia michango mpaka ikatimia. Jambo moja tu sijawahi kulisema: kina mama waliokuja na mama mkwe kutoka kijijini walikuwa wamejiandaa kuimba, nami nikamwambia MC awakate. Eti ratiba! Ukumbi tulikuwa tumelipia mpaka saa sita usiku. Mume wangu hakusema kitu.

Miezi minane baadaye alipata safari ya kikazi Johannesburg, nikamfuata wikiendi. Jumamosi tukakodi gari, tukashika barabara ya N12 kuelekea mashariki, kwenda Witbank, mji ambao tangu 2006 unaitwa eMalahleni, yaani penye makaa ya mawe. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi. Mume wangu haambiwi kitu kwa Hugh Masekela, na huko, mtaa wa KwaGuqa, ndiko mpiga tarumbeta huyo alikozaliwa mwaka 1939.

Garini akaweka albamu ya Jabulani, iliyotoka mwaka 2012. Wakati huo Masekela alikuwa anakaribia miaka 73. Alishashika namba moja Marekani mwaka 1968, alishaishi uhamishoni miaka 30, alishamuoa Miriam Makeba na wakaachana. Angeweza kurekodi chochote. Lakini mzee akaingia studio kuimba nyimbo za harusi alizozisikia mitaani utotoni! Jina lenyewe ni la Kizulu: furahini.

Tarumbeta yake ina undugu na sisi pia. Aliyempatia ile ya kwanza, akiwa na miaka 14, ni Padri Trevor Huddleston, ambaye mwaka 1960 alikuja Tanganyika kuwa askofu wa Masasi.

Nje ya dirisha ni nyasi kavu, malori na mitambo mikubwa ya umeme wa makaa. Ndani, Masekela anaita, kundi linaitikia, tarumbeta inaingia katikati kama shangazi aliyechelewa. Huwezi kujua nani ni upande wa bwana na nani upande wa bibi.

Mume wangu akapunguza sauti. "Unajua mama na wenzake walifanya mazoezi wiki mbili kwa ajili yako?"

Hakusema kwa hasira. Jamani, ndiyo iliyoniuma zaidi.

KwaGuqa tulipita polepole. Nyumba zimesogeleana, ukikaanga kitunguu jirani anajua. Nikawaza, mahali kama hapa harusi utamfichia nani? Na nani utamwambia muda wake umekwisha?

Tukiwa njiani kurudi, nikapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmefika salama?"

Nikaomba radhi, maneno yakigongana. Akanyamaza kidogo, mpaka nikadhani simu imekatika.

"Wimbo hauozi, mwanangu," akasema. "Mje Krismasi. Ila safari hii, wewe ndiye utakayeitikia."

Masekela alifariki Januari 2018. Nyimbo zile alishaziweka mahali salama. Nawe kama bado uko na kamati, punguza maua, punguza hata keki, lakini nusu saa ya kina mama usiiguse.