Migunga ya Baba

Baba alikuwa bwana misitu, na daftari lake la kazi lilibaki kwangu kwa sababu ndugu zangu hawakulitaka. Kurasa kadhaa ni migunga mitupu: Acacia tortilis, Acacia nilotica, Acacia xanthophloea, na vipimo vya kila shina. Majina ameyapigia mstari kwa rula, kama inavyotakiwa Kilatini kikiandikwa kwa mkono. Huyo xanthophloea, maana yake gome la njano, Wazungu wa zamani waliuita mti wa homa kwa kuwa huota penye majimaji, wakadhani ndio unaoleta malaria. Baba alikuwa akicheka kila akitusimulia.

Leo hakuna hata mmoja kati ya hiyo unaoitwa Acacia. Wataalamu waligundua kwamba kundi lile kubwa halikuwa ukoo mmoja, na kwa hilo sina ugomvi. Ndugu wasio wa damu moja watenganishwe. Ugomvi ni nani abaki na jina la nyumba. Mwaka 2005, kwenye kongamano la wanabotania Vienna, jina lilipewa Australia, ambako kuna aina karibu 1,000. Waliopinga walizidi nusu ya kura, lakini kanuni ilidai asilimia 60 kulivunja pendekezo la kamati. Mwaka 2011 uamuzi ukathibitishwa, tena Melbourne, nyumbani kwa walioshinda.

Jina lenyewe linahusishwa na neno la Kigiriki la mwiba, na mti uliokuwa kielelezo chake ni ule wa Mto Nile, wetu. Acacia nyingi za Australia hazina miiba. Ya kwetu sasa mingine ni Senegalia, mingine Vachellia, jina la kasisi wa Kiingereza aliyekusanya mimea kule China. Mgunga na kasisi wa China wapi na wapi?

Baba alifariki 2009 akiendelea kusema Acacia.

Mwaka huu binti wa kaka yangu, anayesomea misitu Morogoro, aliliomba daftari. Vipimo vile ni vya miti ambayo mingi imeshakuwa mkaa, akasema, na hakuna mwingine mwenye navyo. "Lakini shangazi, lazima niandike Vachellia. Mtu akitafuta kwa jina la babu, atapelekwa Australia."

Nilinyamaza muda mrefu. Kufuta mwandiko wa marehemu si jambo dogo kwetu. Lakini vipimo visivyopatikana navyo vimefutika, na baba hakupima miti juani miaka yote ile ili daftari likae kabatini kwangu.

Basi tunaandika safu tatu: jina jipya, jina la babu, na mgunga. Jioni mimi namsomea, yeye anachapa. Kwenye mti wa tisa baba aliandika pembeni kwa penseli, "umekatwa, nimeuliza, hakuna aliyeona." Mtoto akauliza hilo aliweke safu gani. Tukaongeza ya nne.