Nyota Ilipopitiwa

Leo siwaletei uchambuzi wa mizani wala vina. Nawaletea neno moja, na usiku mmoja ulionifanya nilitafute.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Chalinze, katika njia panda ambapo barabara ya Segera inaachana na ile ya Morogoro. Jina langu ni Doto. Kwa Mtanzania, jina hilo ni habari kamili: pasipo Kulwa hapawi na Doto. Kulwa wangu alifariki kabla hatujatimiza mwaka. Hana picha, wala mimi sina kumbukumbu yake. Ushahidi pekee niutembeao nao ni jina langu.

Mwezi Julai mmoja, mwalimu mwenzangu wa fizikia alinijia na ombi. Alikuwa na darubini ndogo, nayo ilihitaji jicho la pili na sauti iliyozoea kutamka kwa wakati. "Wewe ni mshairi, Mwalimu," alisema, "unajua kuhesabu." Akanieleza jambo lenyewe. Kati ya Mirihi na Mshtarii kuna mawe mengi yanayolizunguka jua, yaitwayo asteroidi. Mara chache jiwe mojawapo hupita mbele ya nyota, na nyota hiyo hutoweka kwa sekunde chache. Kwa kuwa miale ya nyota hutufikia kutoka mbali mno, husafiri sambamba; hivyo kivuli cha jiwe kikianguka juu ya dunia huwa na upana karibu sawa na wa jiwe lenyewe. Jiwe la kilomita arobaini hutandika kivuli cha kilomita arobaini, nacho hukimbia juu ya nchi kwa kilomita nyingi kila sekunde. Aliye ndani ya njia hiyo huona nyota ikizimika. Aliye nje haoni kitu.

Kutabiri njia hiyo zamani kulikuwa kama kupiga ramli. Siku hizi mahali pa nyota panajulikana kwa usahihi mkubwa kutokana na chombo cha Gaia, kilichorushwa na Shirika la Anga la Ulaya tarehe 19 Desemba 2013. Palipo na mahali pa nyota na mapito ya jiwe, hesabu huweza kukuambia usimame wapi na uwe macho saa ngapi. Kisha kazi ni rahisi kuieleza: pima muda nyota iliozimika, zidisha kwa kasi ya kivuli, umepata urefu wa mstari mmoja unaokatiza jiwe. Waangalizi wengi waliotawanyika huleta mistari mingi, na mistari hiyo huchora umbo la kitu ambacho hakuna darubini yao inayoweza kulionyesha.

Lakini jiwe letu la usiku ule, ambalo lilikuwa na namba tu pasipo jina, lilishukiwa kuwa na mwenzake. Hilo ndilo lililonitoa kitandani.

Asteroidi pacha si hadithi. Iko iitwayo Antiope, ambayo mwaka 2000 iligunduliwa kuwa ni mawe mawili yanayokaribiana kwa ukubwa, yakizungukana kwa muda wa saa kumi na sita na nusu hivi. Tarehe 19 Julai 2011 waangalizi wa magharibi ya Marekani walijipanga, Antiope ikapita mbele ya nyota, na vivuli vya mawe yote mawili vikapimwa. Tarehe 27 Machi 2022 timu ishirini na sita zilitawanywa kuisubiri Polymele, mojawapo ya mawe yatakayofikiwa na chombo cha Lucy. Kumi na nne ziliona nyota ikizimika; mbili kati yake zilikuta kitu kisichotarajiwa: kijiwe cha kilomita tano hivi, umbali wa kilomita mia mbili kutoka kwa mkubwa wake. Hata Bahari yetu ya Hindi inayo sehemu katika mambo haya. Tarehe 10 Machi 1977 ndege yenye darubini iliruka juu ya bahari hiyo kuitazama sayari ya Uranus ikifunika nyota. Kabla sayari haijafika, nyota ilififia mara tano. Hivyo ndivyo pete za Uranus zilivyojulikana.

Mwenzangu alinionya pia kuhusu Herculina. Tarehe 7 Juni 1978 ilipita mbele ya nyota, na waangalizi wakaamini wameona mwandani wake. Baadaye darubini ya Hubble ilimtafuta isimkute. "Kuzimika mara moja kwa jicho moja," alisema, "ni uvumi. Wingu, popo, kope la mwangalizi mwenyewe, vyote vinazima nyota."

Tulitoka njia panda, tukaelekea upande wa Msoga, tukaingia shambani kwa jamaa ambako taa za malori hazifiki. Saa nane usiku buruji ya Ndoo ilikuwa juu. Yeye alishika saa na simu ya kurekodi; mimi nilishika jicho. Nilitakiwa kusema "Sasa!" nyota ikizimika na "Sasa!" ikirejea. Alikwisha nijulisha kwamba kati ya kuona na kutamka kuna pengo, sehemu ya sekunde, ambalo lazima lipimwe na kuondolewa katika hesabu. Nimetunga mashairi kwa miaka mingi. Sikuwahi kufikiri kwamba pengo hilo lina kipimo.

Nyota ilizimika. "Sasa!" Ikarejea. "Sasa!" Sekunde mbili na nusu, basi. Mwenzangu akaninong'oneza, "Endelea kutazama." Pacha angeweza kuja baada ya dakika nzima au zaidi.

Nilitazama mpaka jicho likatoa machozi. Nilimtaka yule wa pili kuliko nilivyowahi kutaka ubeti ukamilike. Ndipo nyota ilipotikisika, au nilidhani imetikisika, na mdomo wangu ukafunguka.

Tulipoisikiliza rekodi, "Sasa" mbili zilikuwa wazi kabisa. Kisha, mbali kidogo, pana sauti yangu ikisema "Sa—" na kunyamaza.

"Uliona?" akauliza.

Sikujibu upesi.

"Au ulipitiwa?"

"Nilitaka kuona," nikamwambia. "Andika kwamba sikuona."

Aliandika hivyo. Taarifa yetu kwa wanaokusanya vipimo hivi ina kuzimika kumoja kwa hakika, na la pili halimo. Niliporudi nyumbani nilijihisi kama niliyemkana ndugu. Lakini pacha aliyetungwa na hamu yangu asingekuwa pacha wa jiwe lile, wala asingekuwa Kulwa.

Asubuhi nilimweleza mama. Nilikuwa nikitafuta neno la tukio hilo. Kupatwa tunakujua kwa jua na mwezi, ila kunanuka msiba. Kusitiriwa kulinivutia, lakini ndilo neno tulitumialo kwa marehemu anapozikwa, na aliyesitiriwa kaburini harejei. Nikamuuliza mama: nyota ikipitwa mbele na jiwe, ikatoweka, kisha ikarudi, tusemeje?

"Si imepitiwa tu, mwanangu," alisema, kama asemavyo juu yake mwenyewe anaposinzia kitini na kuzinduka. Akakaa kimya kidogo, kisha akaongeza, "Kulwa tulimsitiri." Ilikuwa mara yake ya kwanza kumtaja mbele yangu bila kuulizwa.

Nikaandika ubeti huu:

Nyota yangu mepitiwa, kidogo ikafichika,
Sikusema meuawa, najua itazinduka,
Pacha wangu mefukiwa, yeye hawezi amka,
Doto jina nimepewa, Kulwa apate tajika.

Basi napendekeza kupitiwa kwa nyota. Neno hilo limebeba tendo lenyewe, kwamba kitu kimepita juu ya kingine, na limebeba ile maana ya nyumbani ya usingizi mfupi wenye kuamka. Mwenye neno bora alilete, tulipime kwa pamoja.