Ubani wa Bibi

Bibi alifariki Wete, Pemba, alfajiri ya Jumatatu, na kabla ya alasiri alikuwa ameshazikwa. Mimi nilikuwa kazini Salalah, kusini mwa Oman. Nilichoweza ni kutuma ubani kwa simu. Ndivyo tunavyoziita fedha anazopelekewa mfiwa, ingawa siku hizi watu hununulia mchele na sukari.

Ijumaa nilikwenda Wadi Dawkah, kama kilomita 40 kaskazini, nyuma ya milima. Nilikuwa nimeishi Salalah miaka mitatu bila kufika huko. Upande wa bahari, kusi ileile iliyokuwa ikirudisha majahazi kutoka Unguja huleta ukungu na manyunyu, milima ikawa kijani kibichi. Upande wa pili ni mawe na jua tu. Huko ndiko unakoota mti wa ubani. Bonde hilo limo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000.

Nilitarajia mti wa fahari. Kumbe ni mfupi, matawi yamepinda, majani madogo yamekunjamana, gome linaambuka kama karatasi. Usipoujua, utadhani unakufa.

Mzee mmoja alinionyesha unavyochanjwa. Alikwangua gome kidogo kwa kisu, utomvu mweupe kama maziwa ukachuruzika. Huachwa ukauke kama wiki mbili. Utomvu wa mchanjo wa kwanza si mzuri. Ulio bora huja baada ya kuchanja tena palepale. Kisha akanipeleka kwenye mti uliojaa makovu.

“Huu tumeuacha upumzike,” alisema. “Ukiuchanja kila mwaka, utaukosa.”

Kila Alhamisi magharibi Bibi alifukiza nyumba nzima, akipita na chetezo chumba hadi chumba. Hakuwahi kuuona mti wenyewe. Nilipokuwa nasafiri aliniomba jambo moja: “Mjukuu wangu, ukirudi niletee ubani wa hukohuko.” Niliununua wiki ya kwanza, hojari safi, nikauweka kabatini. Kila likizo ilipofika nilisema nitakwenda ijayo.

Jioni ile niliutoa ule mfuko, nikawasha makaa. Chumba kikanuka kama nyumba yake. Nilitia punje tatu tu, nikaufunga tena. Uliobaki nitaupeleka Wete kwa mkono wangu, kabla ya arobaini.