Siku Tuliposhika Mfano wa Hundi



Majuma matatu yaliyopita tulialikwa kufungua kwa sala hafla fupi katika shule ya msingi iliyo jirani na parokia yetu, yenye kitengo cha elimu maalumu. Kampuni moja ilikuja kutoa msaada. Hatutaitaja jina, kwa kuwa haya tunayoyaandika si mashtaka dhidi yake. Sehemu kubwa ya kosa ni yetu.

Wageni walitarajiwa saa tatu asubuhi, wakafika saa tano na nusu. Watoto walikwisha kupangwa uwanjani. Miongoni mwao wamo wenye ualbino, ambao husoma pamoja na wasioona kwa sababu macho yao huona kwa shida, na ngozi yao haina kinga dhidi ya jua. Matroni aliwahamishia chini ya mwembe. Mpiga picha akaomba warudi, kwani kivulini picha hazitoki vizuri. Nasi tulikuwa tumeketi chini ya turubai, kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa. Tukatazama, tukanyamaza.

Msaada wenyewe ulikuwa mwema: mchele, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni na katoni za madaftari. Tulishika upande mmoja wa mfano wa hundi, tukatabasamu. (Picha ipo, tumetokea vizuri kuliko tulivyostahili.)

Baada ya pilau, mvulana wa darasa la nne asiyeona alilipapasa daftari lake jipya, akatuuliza, "Padre, hili ni la nani?" Tukamwambia ni lake. Akalipapasa tena. "Karatasi yake nyepesi. Nukta zitatoboka."

Maandishi ya nukta nundu, aliyoyabuni Mfaransa Louis Braille, naye asiyeona, yapata miaka 200 iliyopita, huundwa kwa nukta sita zinazoinuliwa juu ya karatasi nene. Kwenye daftari la kawaida nukta hutoboka, au hulala zikishapapaswa mara chache. Mwalimu wa kitengo alitupeleka stoo akatuonyesha mashine za kuandikia, za chuma, nzito, zenye vibonyezo sita, kimoja kwa kila nukta. Zilikuwa saba, zilizofanya kazi ni mbili. Watoto wengine huandika kwa kibao na kijiti chenye ncha ya chuma, wakitoboa kutoka kulia kwenda kushoto, ili ukurasa ukigeuzwa usomeke kutoka kushoto.

Hapo ndipo inatubidi tuungame. Mwanzoni mwa mwaka mwalimu mkuu alikuja ofisini kwetu tumsaidie kuandika barua ya maombi. Alikuwa na orodha: karatasi nene, matengenezo ya mashine, kofia pana na mafuta ya kukinga ngozi. Sisi tuliofundishwa seminarini barua za kistaarabu tukaiondoa orodha hiyo, tukaandika "mahitaji mbalimbali ya watoto". Tulichelea kwamba mfadhili angeona tunamchagulia. Kampuni ilileta kile tulichoomba, yaani chochote.

Injili ya Bartimayo tumeihubiri kila ilipotuangukia, Dominika ya 30 ya Mwaka B. Umati mzima wa Yeriko ulijua kipofu anahitaji nini. Bwana peke yake ndiye aliyemwuliza. Tumelieleza jambo hilo mimbarini kwa ufasaha, hata mara moja tukapigiwa vigelegele.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii si ya kampuni wala ya parokia, na hawakosei. Tangu 2010 nchi yetu ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, na elimu ya watoto hawa ni haki yao. Lakini mvulana yule anafanya mtihani wa darasa la nne mwaka huu, kwa kibao na kijiti.

Tuliandika barua ya pili, tukaeleza kosa letu, tukaambatanisha orodha ya mwalimu mkuu. Tulizungumzia pia mwembe na jua. Jibu lilikuja baada ya siku nne, kutoka kwa dada mmoja wa ofisi ile, fupi, bila nembo wala pongezi: rimu ngapi kwa muhula, na mashine zimeharibika wapi?

Tulijikuta hatujui. Tukaenda kwa mwalimu wa kitengo. Hakushangaa. Alifungua droo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Hesabu ilikuwa tayari, darasa kwa darasa.